Maalim, hawa majongoo ni dawa kweli au tunapigwa?

Tangu watu waanze kurushiana kwenye WhatsApp ile klipu ya bwana anaesema jongoo bahari, yule mnyama laini wa pwani, anatibu kansa, meseji za wasomaji zimekuwa majongoo matupu. Zinazofanana nimeziunganisha, na nyengine nimewajibu wenyewe pembeni maana si za kuanikwa hapa. Zilobaki ndo hizi.

SWALI: Assalaam aleikum Maalim. Mie nalima mwani Paje. Mama yangu ana sukari miaka mingi na sasa katokwa na kidonda chini ya dole gumba la mguu, hakiponi, kila tukidhani kinafunga kinafunguka tena. Shemeji yangu kaja na kichupa cha mafuta ya jongoo kanunua kwa mtu mjini, kimeandikwa kwa kalamu kuwa kinatibu vidonda, sukari, presha, kansa na nguvu za kiume. Mama mwenyewe anataka apakwe. Nimpake?

JIBU: Wa aleikum salaam mwanangu. Usimpake. Na kama mshaanza kumpaka, acheni leo, mkaosheni mguu kwa maji safi, mfunge kitambaa safi kikavu na kesho asubuhi mtoke nae mwende spitali, na hicho kichupa mkichukue mumuoneshe dakta ajue kilopakwa ni nini. Kidonda cha sukari si kidonda cha kujikata kwenye jiwe pwani. Mtu wa sukari mishipa ya fahamu ya miguuni inakufa ganzi, hivo haumii kama inavopasa kuumia, na damu inayofika huko chini ni kidogo, kwa hiyo wewe unaona tundu dogo tu juu kumbe ndani kidonda kishafika mfupani. Hapo kinachotakiwa ni sukari ishuke, nyama iliyokufa iondolewe na mtu anaejua, dawa ya vijidudu kama ipo haja, na mama asiukanyagie mguu huo. Watu wanakatwa miguu si kwa sababu kidonda kilikuwa kikubwa, ni kwa sababu walikaa miezi wanapaka hiki wanajaribu kile.

Sasa nisije nikaonekana nakataa kila kitu. Hii habari ya jongoo na vidonda haikuzuka tu. Malaysia, khasa kisiwa cha Langkawi, wana jongoo wanaemwita gamat, na tangu zamani wanamchemsha wanatoa maji na mafuta ya kupaka vidonda, hata kina mama waliotoka kujifungua wanatumia. Wataalamu wa huko wamemjaribu kwa panya wakaona majeraha yanafunga vizuri, na mpaka dawa ya mswaki ya gamat wametengeneza kwa ajili ya ufizi. Lakini angalia tofauti. Wao wanajua ni jongoo wa aina gani, kuna kiwanda, kuna kipimo. Na panya wa maabara kakatwa mkato safi, mzima wa afya, si bibi wa watu mwenye sukari ya miaka mingi. Hicho kichupa chenu hakuna anaejua ndani mna jongoo gani, au kama mna jongoo kabisa, pengine ni mafuta ya nazi tu yamevishwa kilemba. Dawa ikisajiliwa na Wakala wa Chakula na Dawa inakuwa na lebo, nambari, tarehe ya kuharibika. Iloandikwa kwa kalamu kuwa inatibu vitu vitano visivyohusiana, kuanzia kansa hadi chumbani, mie naiweka pembeni kabla sijaifungua.

SWALI: Maalim mie ni mwanafunzi wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Naomba uelezee kisayansi, jongoo ana nini khasa mpaka dunia nzima inamhangaikia? Na kama kweli anacho, mbona dawa haitoki?

JIBU: Swali zuri hili, na ndo nililokuwa nalisubiri, kwa hiyo univumilie.

Muangalie jongoo pale bamvua, siku za maji makubwa, maji yakitoka. Yuko tu kwenye mchanga, laini, hana gamba, hana meno ya kung'ata, hana mwiba, kukimbia hawezi, na bado samaki wanampita. Ni jamaa wa kiti cha pweza yule, ila hana hata ule ugumu. Kinachomlinda ni kemia. Kwenye ngozi yake nene mna sumu za kundi la saponini, ukizitikisa na maji zinatoa povu kama la sabuni. Zinafanya kazi hivi: kila seli ya mnyama ina utando wa nje, na kwenye utando ule mna kolesteroli. Saponini ya jongoo inaikamata ile kolesteroli, inajipanga nayo, utando unatoboka, seli inavuja inakufa. Samaki sumu ikimuingia kwenye matamvua kazi yake imekwisha. Huko visiwa vya Pasifiki wavuvi walikuwa wanamponda jongoo wanamtia kwenye vidimbwi vya miambani, samaki wanalewa wanaelea, yaani kazi ile ile ambayo huku kwetu watu walikuwa wakiifanya kwa mmea wa utupa.

Utauliza, mbona jongoo mwenyewe hajitoboi? Kwa sababu kwenye utando wa seli zake kolesteroli ya kawaida si ndo iliyotawala, ana mafuta ya jamii hiyo hiyo lakini yamepinda kidogo umbo lake, saponini haiyashiki vizuri. Mie nikifika hapa kila siku nasema Subhanallah, mnyama ambae watu wanamruka kwa kinyaa kabeba sumu na kabeba kinga yake.

Sasa mtu wa kansa akisikia kuna kitu kinatoboa seli anasimama. Mwaka 1952 mtafiti mmoja wa New York anaitwa Ross Nigrelli alichukua sumu ya jongoo wa visiwa vya Bahamas, akaipa jina holothurini, akaijaribu kwa panya wenye uvimbe wa kansa na uvimbe ukazuilika. Ndo chanzo. Tokea hapo zimetolewa saponini za kila aina kwa majongoo wa kila bahari. Kuna moja inaitwa frondosidi A, hiyo imejaribiwa sana kwenye seli za kansa na kwa panya na ndo inayotajwa kwenye klipu nyingi, ila jongoo wake anaishi kwenye maji ya baridi huko kaskazini ya Atlantiki, Canada na Iceland, si huyu wetu wa Chwaka. Mtu akikwambia "jongoo anatibu kansa" muulize jongoo yupi, maana aina zake duniani zinapita 1,000 na kila mmoja ana kemia yake.

Na mbona dawa haitoki? Zimepita zaidi ya miaka 70 tangu Nigrelli aandike, na mpaka leo spitali hakuna dawa ya kansa iliyotoka kwa jongoo. Sababu kubwa ni hiyo hiyo sifa yake. Kitu kinachotoboa seli ya kansa kwa kushika kolesteroli kinatoboa na chembe nyekundu za damu, maana nazo zina kolesteroli. Ukimpiga mtu sindano yake damu yake inapasuka. Kwenye kisahani cha maabara hamna damu, hamna figo, hamna moyo, mna seli peke yake, na hata chumvi ukizidisha itaziua. Kwa hiyo kazi ilobaki ni kupata kipimo au kuibadilisha ile molekuli iuwe huku iwache kule, na baadae ijaribiwe kwa watu kwa awamu, kwanza usalama, halafu kama inasaidia, halafu kama inasaidia kuliko dawa iliopo. Zinazofia njiani ni nyingi kuliko zinazofika.

Lakini bahari inatoa dawa, hilo nalo ulijue usikate tamaa na masomo. Miaka ile ile ya 1950 mwanzoni kuna watu walikuta molekuli za ajabu kwenye sponji, mnyama wa baharini, wa Karibiani, katika fikra hiyo ikatengenezwa sitarabini, ikaidhinishwa Marekani mwaka 1969 na mpaka leo inatumika kwa kansa ya damu. Kuna dawa ya maumivu makali inaitwa zikonotidi, iliidhinishwa 2004, imetokana na sumu ya konokono wa baharini wa jamii ya wale wenye gamba zuri la pembe tatu ambao wakikudunga wanaweza kukuua. Kwa hiyo sponji kafika, konokono kafika, jongoo bado yuko njiani. Ukitaka kumsogeza wewe, Taasisi ya Sayansi za Bahari iko hapa hapa Unguja, huna haja ya viza.

SWALI: Maalim mie mtu wa Kojani, Pemba, napiga mbizi. Juzi nimemtoa jongoo wa aina ya barango mmoja mkubwa kanirushia nyuzi nyeupe mkononi, zimeganda kama gundi, nikajipangusa uso bila ya kujua, jicho likawaka moto usiku kucha. Sasa hivi limetulia ila linaona ukungu ukungu. Ni nini zile na nifanye nini?

JIBU: Kaka yangu, jicho linaloona ukungu halijatulia. Panda gari nenda ukaonwe na mtu wa macho, Chake Chake au Wete popote palipo karibu, usingoje mpaka urudi kutoka dago, kambi ya uvuvi.

Zile nyuzi ni silaha yake ya pili. Anazo tumboni karibu na njia ya kutolea uchafu, zimekaa fupi fupi zimekunjana, akighadhibika anageuza upande wa nyuma anakulenga, anazitoa, zikifika majini zinarefuka palepale na zikigusa kitu zinanata sekunde hiyo hiyo. Kaa akinaswa humo anashindwa hata kufungua gando. Na zina saponini ndani yake, ndo hiyo iliyokuingia jichoni, utando wa jicho ni laini na sumu ile kazi yake ni utando. Siku nyengine ikitokea, hapo hapo usisugue, kama huna maji ya kunywa jimwagie hata maji ya bahari kwanza, ukifika pwani oshea maji safi mengi kwa muda mrefu, robo saa na zaidi, jicho liwe wazi. Mkononi usivute uzi mbichi kwa mkono wa pili maana utaganda mikono yote miwili, ngoja ukauke kidogo uukwangue. Na glavu, ndugu zangu wa Kojani, glavu bei yake haishindi jicho.

Kwa faida ya wasomaji wengine, gundi ile nayo ina watu wanaichunguza, kwa sababu gundi karibu zote za dukani zinashindwa mahali pa maji na hii inashika ndani ya maji ya chumvi, na daktari wa upasuaji anafanya kazi mahali pa maji muda wote.

SWALI: Naomba jina langu lihifadhiwe. Mie ni muuguzi. Wodini tunatumia sindano ya heparini kuzuia damu kuganda, na mgonjwa mmoja aliambiwa na mwanawe kuwa inatokana na nguruwe akakataa kata kata. Nikasoma mahala kuwa jongoo ana kitu kama hicho. Ni kweli? Na mgonjwa nimwambie nini?

JIBU: Ni kweli yote mawili dada yangu. Heparini nyingi ya duniani inatolewa kwenye utumbo wa nguruwe, zipo nchi zinatumia na ya ng'ombe. Na kwenye ngozi ya jongoo, mbali na zile saponini, mna sukari ndefu ndefu zenye salfa, jina lake refu ni kondroitini salfeti yenye fukosi, nayo inazuia damu isigande ila kwa mlango tofauti kidogo na wa heparini. Watafiti wa Brazil wameishughulikia muda mrefu kwa jongoo wa kwao, na kitu kilichowafurahisha ni kuwa kwa panya imefanya kazi hata ikipewa kwa mdomo, wakati heparini lazima sindano. Kwa mie naona hapa ndipo jongoo ana nafasi kubwa zaidi ya kuingia spitali kuliko huko kwenye kansa kunakopigiwa ngoma.

Lakini bado haijafika wodini kwako, na usifanye haraka nayo. Baadhi ya sukari hizi zikiwa ghafi zinashusha presha ghafla na zinachokoza chembe za kugandisha damu, yaani unataka kuzuia unaanzisha. Mwaka 2008 heparini iliyochanganywa huko China na kondroitini iliyopikwa kwa kemikali, si ya jongoo lakini ya ukoo huo huo, ilidhuru watu Marekani na wengine walifariki. Ndo maana watu wa dawa wanakwenda pole pole.

Mgonjwa mwambie ukweli, usimfiche, na mwambie suala la dharura ya matibabu aulize Ofisi ya Mufti au shehe wake anaemuamini, aulize leo, asingoje, kwa sababu damu iliyoganda mguuni ikipanda mapafuni haingoji fatwa. Mie si mtu wa kutoa fatwa, kwa hiyo naishia hapo. Na jambo moja utusaidie wewe ukiwa wodini: mgonjwa anaetumia dawa za kuzuia damu kuganda kama wafarini muulize kama kuna vidonge au maji ya jongoo anakunywa nyumbani. Wapo wanaoagiza kwa mitandao na hawasemi mpaka waulizwe.

SWALI: Maalim supu ya jongoo inaongeza nguvu za kiume? Jibu fupi tu. (Kijana wa Michenzani)

JIBU: Fupi: haijathibitishwa. Refu kidogo: Wachina wanamla kama chakula cha heshima na cha kurudisha nguvu, ana protini nyingi na mafuta kidogo, akishatolewa matumbo na kuchemshwa mara kadhaa saponini nyingi zinatoka na maji. Ni chakula. Kama una tatizo kapime sukari na presha, vijana wengi wa umri wako tatizo lao linaanzia hapo na hawajui.

SWALI: Sisi ni kikundi cha kina mama na vijana wa kisiwa cha Uzi, tumezungushia nyavu tunafuga majongoo wa aina inayoitwa jongoo mchanga. Kuna mtu kaja anasema tusiuze kwa wanunuzi wa kawaida, tusubiri kampuni ya dawa ya Ulaya itakayonunua kwa bei mara kumi, ila tutoe kwanza pesa ya usajili. Unatushauri nini?

JIBU: Pesa ya usajili msitoe, na huyo mtu mpelekeni kwa sheha aeleze kampuni gani, iko wapi, barua iko wapi. Nakuhakikishieni akisikia sheha hatorudi.

Halafu hata kama kampuni ya dawa ingekuwapo, si mnunuzi wenu huyo. Kampuni ya dawa haitaki magunia, inataka sampuli chache ijue molekuli, ikishajua inaitengeneza wenyewe kiwandani au inatafuta njia. Ile dawa ya sponji niloitaja juu haivuliwi sponji, inapikwa maabara. Wakija watafiti wa kweli watakuja na kibali cha serikali, na hapo mna haki yenu: Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 inazungumzia jambo hilo hilo, kuwa nchi yenye kiumbe na jamii inayokitunza wapate mgao wa faida. Kwa hiyo mtu akija na chupa za spiriti anataka majongoo yenu kwa "utafiti", muulizeni kibali kabla ya bei.

Soko lenu ni Hong Kong na China, chakula, na hapo pesa ipo kama mkijua kuandaa. Jongoo mchanga wa gramu 350 akishapasuliwa, akachemshwa, akafukiwa mchangani ile chokaa ya ngozi itoke, akasuguliwa, akachemshwa tena na kukaushwa, anabaki gramu 15 mpaka 20 hivi. Mkimvuna mdogo hamuuzi kitu, mnauza ngozi. Na akikatwa vibaya au akianikwa kabla hajaiva anakunjamana, mnunuzi anamtupa daraja la chini palepale mbele yenu na kwa haki yake. Nimewahi kuona gunia zima linapangwa, wale wanene walionyooka, wenye mkato mmoja safi, wanawekwa upande mmoja, waliokunjamana upande mwengine, na tofauti ya bei baina ya marundo mawili yale inaudhi, maana ni majongoo wa pwani moja, waliovunwa siku moja, walioharibiwa na sufuria tu.

Msichanganye na pauni, jongoo wa aina nyengine, wa kuokota kule nje mwambani. Pauni wameingizwa kwenye orodha ya CITES, mkataba wa dunia wa biashara ya viumbe walio hatarini, imeanza kufanya kazi Agosti 2020, kumsafirisha kunataka kibali maalumu, na mzigo wenu wote unaweza kuzuiliwa bandarini kwa sababu ya pauni wawili watatu waliojificha chini ya gunia. Bara walifika mahali wakapiga marufuku uvuvi wa majongoo kabisa, na huko miambani kwetu wazee wanajua walikuwa wanaokota wapi na leo hawamkuti hata mmoja. Ndo maana kufuga kwenu kuna sababu.

Vifaranga ulizieni kituo cha Beit el Ras mapema, msingoje mpaka nyavu ziko tayari. Wakiwa wadogo kaa ndo adui, tegeni mumtoe kaa kabla ya kutia vifaranga na mrudie kukagua nyavu kila bamvua, tundu dogo tu linatosha. Wakishakuwa wakubwa adui ni binadamu, na hapa sina la kitaalamu, wekeni zamu za usiku na muandikishane na shehia ya jirani ili mwizi akikamatwa kusiwe na "sikujua ni ya mtu". Na masika msiyadharau. Mvua kubwa ikimwaga maji matamu kwenye eneo la maji kidogo jongoo hawezi kuhimili, ngozi inatoka vidonda na anakufa, kwa hiyo uzio uwe mahali ambapo maji hayakauki kabisa yakitoka na wala si kwenye mdomo wa mkondo wa maji ya mvua, na waliofikia uzito wavuneni kabla ya Machi.